Medali ya Kitsao na Ubaid

Ijumaa tarehe 16 Mei 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, Kitsao Mung'aro alivuta pumzi yake ya mwisho hospitalini hapa kisiwani Mombasa, mkewe Dama akiwa amemshika mguu, na tangu saa hiyo Dama amepika, amepokea wageni na kuitikia pole, bila kujua uchungu wake uko wapi.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Aprili 1958 huko Rabai, mtoto wa tatu wa Mzee Mung'aro na Mama Kadzo, akasoma hukohuko hadi darasa la saba mwaka 1973, kisha akateremka Mombasa, na mwaka 1979 akaajiriwa bandarini Kilindini, ambako alipanda hadi kuwa nahodha wa mashua ya kupeleka marubani, wale wanaoziongoza meli kuingia bandarini.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na Dama, wakaishi Makadara, wakajaliwa watoto wawili, Naomi, anayewasomea haya, na Kenneth.

Jumapili tarehe 21 Juni 2009, saa tisa alasiri, meli ndogo ya mizigo ilizama nje ya mlango wa bandari, bahari ikiwa imechafuka, na mashua ya marehemu ikaenda. Kwa kanuni ya kazi yao nahodha haachi usukani, hivyo mwenzake Ubaid, mwenyeji wa Mji wa Kale, ndiye aliyejifunga kamba kiunoni akaruka majini mara tisa, akarudi na mabaharia tisa, wa kumi hakuonekana. Ripoti huandikwa kwa jina la nahodha, na mwaka uliofuata ikaja medali moja ya ushujaa, ya Kitsao.

Siku ya Idi akampelekea Ubaid medali hiyo, naye akaikataa kwa mzaha, "Nahodha, kuta zangu ni za mawe, nitaitundika wapi?" Idi iliyofuata Kitsao alirudi na nyundo na msumari, akaugongomea mwenyewe ukutani, akaitundika. Krismasi Ubaid akairejesha Makadara, akisema, "Ungaliuacha usukani, mimi ningalirudi wapi?" Hivyo ndivyo ilivyokwenda na kurudi kila mwaka, Idi kule, Krismasi huku.

Marehemu alistaafu mwaka 2013, akatumikia kanisa kama mzee wa kanisa, na mwaka 2021 akaanza kuugua figo, hadi Bwana alipomwita akiwa na miaka 67.

Jumamosi Ubaid alifika matangani na medali mfukoni, bila kungoja Krismasi. Ndugu wakataka iwekwe jenezani, wakamtazama Dama, naye akamuuliza Ubaid, "Shemeji, ule msumari bado uko?"

"Uko, shemeji. Haung'oki."

Kwa hiyo marehemu anazikwa bila medali, na Idi ijayo Dama ataipeleka Mji wa Kale kwa mkono wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Makadara, waumini, mabaharia wenzake, na watu wa Mji wa Kale walioleta maji na viti bila kuombwa.

Ee Mungu, mpokee mtumishi wako Kitsao, na yule baharia wa kumi ambaye Kitsao alimwombea kila Jumapili, uwakutanishe penye utulivu. Lala salama, Baba Naomi, usukani sasa uko mikononi mwa Bwana. Amina.