Jua la Jumamosi

Kivuko kilikuwa katikati ya mto Charles uchungu wa kuzaa ulipomshika binti mmoja mjamzito, Mehitabeli. Badala ya kumtazama yeye, sote tulitazama jua. Kwetu Sabato huanza Jumamosi jua likizama, na mchungaji hambatizi mtoto aliyezaliwa Sabato. Anasema mtoto huzaliwa siku ileile ya juma mimba yake ilipotungwa, na kulala na mumeo Sabato ni dhambi. Sijui hilo alifundishwa na mkunga gani.

"Mbane mtoto mpaka kesho jioni," akasema Bi Dorkasi, kikongwe aliyeketi kando yake.

"Atabanwaje, bibi? Naapa mume wangu hakunigusa Sabato!"

"Usiape! Hata mimi nilisema hivyohivyo. Nani aliniamini? Mwanangu alizikwa bila ubatizo."

Kivuko kikagusa mchanga, jua limebaki ukingo tu juu ya vilima. Hakuna aliyeshuka. Bi Dorkasi akavua shali yake, akaitandika sakafuni.

"Geukeni mashariki nyote," akatuamrisha. "Na jua halijazama mpaka niseme mimi."

Tukageuka, shemasi wetu akiwa wa kwanza.