Rhona Macquarrie Tulloch na Njia za Juu ya Ziwa Ferra
(1954–2023)

Rhona alizaliwa tarehe 14 Februari 1954 katika shamba la kondoo la Drumbeg, juu ya kijiji cha Achnaferra, wakati theluji imefunga barabara na mkunga amekwama mjini Oban. Aliyempokea ni bibi yake, aliyekuwa amezalisha kondoo wengi kuliko watu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Neil na Flora Macquarrie. Mdogo wake, Calum, alifuata miaka minne baadaye na ndiye anayeshika shamba hilo hadi leo.

Alisoma shule ya msingi hapa Achnaferra, chumba kimoja na mwalimu mmoja, kisha akaenda sekondari Oban, ambako alikaa bweni na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Walimu walimwona msichana mkimya mwenye akili ya kutosha kwenda mbele. Lakini mwaka 1970 baba yake aliteleza kwenye mawe akavunjika nyonga, na Rhona akarudi kuchunga. Hakuwahi kulalamika kuhusu hilo. Alilalamika kuhusu mambo mengine yote, kama mnavyojua.

Mwaka 1973 aliajiriwa na idara ya misitu, mwanamke pekee katika kundi la wapanda miti. Misonobari mnayoiona upande wa kaskazini wa ziwa, mingi ilipita mikononi mwake, mche kwa mche, kwenye tope jeusi la nyika, visubi vikimla usoni. Mikono yake haikunyooka sawasawa tena tangu miaka ile.

Huko huko ndiko alikokutana na Iain Tulloch. Ilikuwa Agosti 1986. Rhona alikuwa akishuka na gari la idara alipomwona mtu amelala chali kwenye dimbwi la tope, baiskeli juu ya kifua chake. Alisimamisha gari akateremsha kioo.

"Uko hai?"

"Nadhani. Dada, samahani, hii njia inaenda wapi?"

"Haiendi popote. Ni ya kondoo."

"Basi inafaa itengenezwe iende mahali," alisema yule mtu, bado amelala.

Alikuwa mwalimu wa ufundi wa vyuma kutoka mji wa Paisley. Rhona alimpeleka Drumbeg, mama yake akampa supu na suruali ya Calum, na tangu siku hiyo Iain hakukosa likizo hapa. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 18 Juni 1988. Mungu aliwajalia binti mmoja, Seonaid, mwaka 1990.

Kundi la wapanda miti lilivunjwa mwaka 1994. Wengi wetu tunaukumbuka msimu ule: nyumba zilivyofungwa moja baada ya nyingine, duka likiuza mkate wa juzi, shule ikibaki na watoto wanaotosha kuketi meza moja. Kwenye mkutano wa kijiji Iain alisimama akaeleza kwamba waendesha baiskeli wangekuja kutoka Glasgow, hata kutoka ng'ambo, kama kungekuwa na njia nzuri: ianzie kanisani, ipite kwenye miti ya mialoni kando ya ziwa, ipande kwenye misonobari, ivuke nyika ya Drumbeg na kuteremka tena. Watu walipiga makofi. Rhona alikuwa nyuma, karibu na birika.

"Mmepiga makofi," alisema. "Nani atachimba?"

Ukumbi mzima uligeuka ukamtazama yeye.

"Ah, jamani," alisema Rhona, akakaa chini.

Alichimba. Wengine walisaidia, na familia inawashukuru, ila wao walikuja Jumamosi na yeye alikwenda kila siku. Njia ilifunguliwa Mei 1996. Wageni walikuja kweli. Vyumba vilipangishwa, duka likapata mkate wa siku hiyo, na shule ingali wazi. Rhona akaendelea kuitunza njia miaka ishirini na saba, kwa ujira mdogo wa kamati ya kijiji, kwa sururu, sepetu na toroli lililokuwa likipiga kelele hadi tukilisikia huku chini.

Watu walidhani anapenda baiskeli. Alipanda mara moja tu, siku Iain alipotimiza miaka hamsini, kwa sababu ndiyo zawadi aliyoiomba. Walipofika kwenye mteremko wa misonobari, Iain alitangulia, akasubiri chini. Akasubiri sana. Mwishowe akapanda tena kwa miguu, moyo juu, akijua atamkuta mkewe amevunjika. Alimkuta amepiga magoti, mkono wote ndani ya mfereji, baiskeli imetupwa kwenye magugu.

"Rhona! Leo siku yangu ya kuzaliwa!"

"Na mfereji wako umeziba. Heri ya kuzaliwa. Shika hapa."

Kazi ile ilikuwa ya kuchosha, na leo hatutaipamba. Nyika haishiki kitu. Alichokijenga wakati wa kiangazi, mvua za majira ya baridi zilikichukua, na Machi alianza upya mahali palepale. Jioni alilala kwenye kiti kabla ya chakula, buti moja mguuni, na Iain ndiye aliyemvua. Iain alipofariki kwa ugonjwa wa moyo Februari 2015, tulitarajia Rhona ataacha. Naye alisema ataacha. "Msimu ujao naacha," alisema mwaka huo, na mwaka uliofuata, na mwingine.

Calum alimwuliza kama anaendelea kwa ajili ya kumbukumbu ya shemeji.

"Kumbukumbu gani? Nikiacha, mtoto wa watu atavunja shingo pale kwenye daraja la mbao huko juu. Utamwambia nini mama yake?"

Tufani ya Novemba 2021 iliilaza misonobari yake usiku mmoja, kama nyasi zilizokanyagwa. Alisimama asubuhi akaitazama kwa muda, kisha akaenda kuchukua msumeno. Majira yote ya baridi alikata magogo akifungua njia. Mgongo ulianza kumuuma wakati huo. Alisema ni magogo. Kufikia mwanzoni mwa 2023 alikuwa hawezi kumaliza hata nusu ya skonzi, na mwezi Machi madaktari wa Glasgow wakagundua saratani ya kongosho, imeshaenea. Aliwashukuru, akaomba kurudishwa nyumbani.

Seonaid aliomba ruhusa kazini Glasgow, akawaacha mume na mtoto huko, akaja kumuuguza. Mama yake aliposinzia mchana, na Calum akiwa amekaa naye, Seonaid alipanda nyikani na toroli. Hakumwambia. Siku moja ya Agosti alirudi, akanawa, akakaa kando ya kitanda.

"Umetoka wapi?"

"Dukani, mama."

"Duka gani lina tope jeusi? Liko shingoni mwako."

Seonaid alikiri. "Kalvati la juu limebomoka. Nitalitengeneza. Nimefikiria nihamie huku kabisa. Usiwe na wasiwasi na njia yako, mimi nitaishika."

"Hapana."

"Mama, ni kazi ya maisha yako."

"Najua ni nini. Nimeibeba." Alipumzika kabla ya kuendelea. "Ya chini, kando ya ziwa, mawe yameshika, kijiji kitaimudu. Ya juu ifungeni. Ila mfunge vizuri, msiiache wazi ikaumiza mtu. Wewe urudi kwako."

"Watu watasema nini?"

"Watasema Rhona alichoka. Waambie ni kweli."

Seonaid alilia, na mama yake akamwacha alie, akimfuta tope shingoni kwa kona ya shuka. Walibishana tena mara kadhaa baada ya hapo. Rhona hakubadilisha neno. Kamati ilipokuja kumwona Septemba, aliwaambia hivyohivyo, nao wakakubali.

Alifariki nyumbani Drumbeg asubuhi ya tarehe 9 Oktoba 2023, mvua ikinyesha, Seonaid na Calum wakiwa wamemshika mikono.

Juzi Alhamisi wawili hao walipanda. Calum alishauri wangoje mazishi yapite. Seonaid alikataa, kwa kuwa wageni wa mazishi wangekuja na baiskeli zao na huenda wangepanda huko; na wamekuja, tunawaona mlangoni na tunawashukuru. Waling'oa mbao za daraja moja moja wakazishusha kwa toroli, wakafunga lango la nyika kwa mnyororo, na Seonaid akapigilia kibao kwa mkono wake: NJIA IMEFUNGWA. Alikaa chini palepale kwenye mvua. Calum akakaa naye.

Rhona ameacha binti yake Seonaid, mkwewe Davinder, mjukuu wake Isla, mdogo wake Calum, na mbwa Bran, ambaye atabaki Drumbeg. Jumatatu Seonaid anarudi Glasgow na familia yake, kama alivyoagizwa na mama yake.

Kesho mvua itanyesha tena, na hakuna tena kitu huko juu kinachomhitaji. Mungu ampe usingizi mrefu na mwema.