Panzi Aliyetulia

Wasikilizaji wapendwa, ilikuwa saa nne asubuhi. Lifti ya jengo la ofisi ilishuka, na fundi wake alikuwa bado chini shimoni. Swichi kuu haikuwa imezimwa.

Tunamkumbuka fundi huyo. Shuleni walimwita Panzi, kwa kuwa akili yake ilirukaruka. Akianza hesabu, aliishia kwa mjusi wa dirishani. Mwalimu alimchapa na kusema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Dawa yenyewe hakuna aliyempa.

Alikuwa tayari baba wa watoto wawili daktari alipomwambia ana ADHD, hali ya akili kushindwa kutulia. "Injini yako ni nzima," alimweleza. "Breki ndiyo hafifu." Akaanza kumeza kidonge kila asubuhi. Akafundishwa pia kutamka kila hatua kabla ya kuingia shimoni: "Nimezima. Nimefunga. Ufunguo ninao."

"Panzi anasali," wenzake walimtania. Hakujali. Sasa alikuwa anamaliza kazi alizoanza. Alikuwa anamsikiliza mkewe mpaka mwisho.

Waliishi nyumba moja na dada yake mkubwa, aliyemlea. Mezani vichekesho vilipungua, na dada hakupenda.

"Mmeniletea sanamu," alisema. "Mdogo wangu yuko wapi?"

"Wifi, huyu sasa analala usingizi," mke alimjibu.

Dada alimwaga vidonge chooni, akajaza kichupa vidonge vya vitamini vinavyofanana navyo. Dada mwenyewe ameyasema haya, wala hakuficha.

Panzi akaanza tena kurukaruka. "Mwili umeizoea dawa," alimwambia mkewe. "Wiki ijayo nitamwona daktari." Jioni alimwiga msimamizi wake aliyekwama kwenye lifti, na dada akacheka hadi machozi. "Karibu nyumbani, Panzi."

Kesho yake kazini alianza kutamka hatua zake. Mwenzake anasema alifika kwenye neno la kwanza, simu ya mteja ikalia. Aliongea, akaaga, akashuka shimoni. Alishuka bila kuzima.

Tunawapa pole mke, watoto, na dada pia. Nanyi wasikilizaji, kabla hamjamtaka mtu arudi kuwa yule wa zamani, muulizeni yule wa zamani aliishije.

Siku ya mazishi mke alimuuliza dada kwa nini alifanya vile.

"Wifi, angalau siku zake za mwisho alicheka," dada alijibu. Kisha akamwomba asogee kidogo, yeye apange viti vya wageni.