Mama Saba na Namba Iliyokataa Kugawanyika

Baada ya kufundisha hesabu miaka thelathini na mitatu katika shule yetu ya sekondari hapa Kalemie, Madame Odile Mbuyu anastaafu tarehe 2 Julai. Atapanda boti kwenda Moba, kwa dada yake. Tulijua siku hii itafika, na bado imetukuta hatujajiandaa.

Alitujia kutoka Nyunzu, binti mwembamba na mkali kama pilipili. Sauti yake ilipita ukutani ikaingia darasani kwangu, ninakofundisha jiografia. Wanafunzi wangu walijua kugawanya kabla ya kujua mito.

Kwetu, mwanamke akipata mtoto huitwa kwa jina la mtoto: Mama Elie, Mama Bénit. Odile hakujaliwa mtoto, akabaki Madame. Hakuwahi kuficha kwamba jina lile lingine alilitamani sana.

Mwaka mmoja vilikuja vitabu kutoka Kigoma. Namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, ambayo sisi huiita premier, kule huitwa namba tasa. Mwanafunzi alisoma neno hilo kwa sauti, na darasa likacheka likimtazama mwalimu. Odile alifuta ubao taratibu.

“Haiko tasa hii,” akasema. “Iko nzima. Inakatala kugawanywa.”

Kisha akaandika 73 939 133. Ni namba ya aina hiyohiyo. Ukifuta tarakimu yake ya mwisho, inayobaki nayo haigawanyiki. Futa nyingine, bado. Endelea hivyo mpaka ibaki 7 peke yake, nayo ni nzima. Wanafunzi waliihangaikia mpaka chaki ikaisha. Ila haikubali kurefushwa: tarakimu yoyote utakayoiongeza mwishoni, namba mpya itagawanyika. Alipofika hapo, Odile alitazama dirishani.

Somo hilo likawa desturi ya kila mwaka, na watundu wakambatiza Mama Saba. Alijifanya kuchukia, akawatoa nje wawili watatu. Halafu siku moja nilimsikia sokoni akijitambulisha kwa muuza samaki: “Njo mimi Mama Saba,” yaani ndiye yeye hasa. Wala hakuwa anatania.

Nafasi yake itashikwa na Chancelle, mmoja wa wale waliotolewa nje. Namba ile anaijua kwa moyo, na tunamwamini. Lakini mimi nitaitafuta ile sauti ya ukutani. Nimeanza kuitamani na mwenyewe hajaondoka.

Asante, Odile, kwa ukali wako na kwa kutukataza kudharau kitu kwa sababu ya jina lake. Ziwa litulie siku utakayosafiri, na huko uendako upumzike ukiwa na afya na watu wa kukuchekesha.

Nanyi ndugu zetu wa Moba, akishuka bandarini msimwite Madame. Mwiteni Mama Saba. Ataitika.