Mama Hatua na Korido ya Mita Thelathini

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya uuguzi, tisa ya mwisho akiwa kwenye utafiti wetu wa seli shina, Mama Hatua anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake halisi limo kwenye faili la utumishi. Hakuna aliyewahi kulihitaji.

Kazi yetu wengi mnaijua. Mgonjwa ambaye mishipa ya damu ya miguuni imeziba, na anaishi mbali na daktari yeyote wa upasuaji wa mishipa, hutolewa seli changa kwenye uboho wa mifupa yake mwenyewe. Kisha hudungwa seli hizo kwenye misuli ya mguu, kwa matumaini kwamba mishipa midogo mipya itachipua. Ili kujua kama zinasaidia, mgonjwa hutembea koridoni kwa dakika sita. Mama Hatua hushika saa na kuhesabu mita. Mwongozo unamkataza kuzungumza, isipokuwa kutaja dakika. Kwa mtu aliyewahi kupiga soga na fundi bomba mpaka fundi akasahau bomba, hiyo haikuwa kazi nyepesi.

Mwaka wa pili ilikuja barua kutoka makao makuu ya utafiti. Wagonjwa wa vituo vingine walitembea wastani wa mita 290; wetu, mita 41. Wasimamizi waliona wagonjwa wetu ni mahututi mno kwa utafiti, wakaagiza kituo kifungwe ndani ya siku thelathini. Watu sitini na wanne wangekosa matibabu, na kumi na tisa kati yao walikuwa wameshaambiwa mguu utakatwa.

Daktari mkuu aliishuku saa. Fundi aliipima korido mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa mita thelathini. Mama Hatua alikuwa na jibu tangu mwanzo, tena kwa maandishi: kwenye kila fomu, penye sababu ya mgonjwa kusimama, alitia alama kwenye “Mengineyo”. Mengineyo hayasomwi na mtu.

Mengineyo hayo yalikuwa salamu. Korido ile ina mabenchi, na mabenchi yana watu wanaosubiri kufungwa vidonda. Nani atapita mbele ya watu kumi na wanne bila kuwajulia hali? Mwalimu mkuu mmoja mstaafu alitembea mita kumi na mbili kwa dakika sita, akarudi ameshampatia mjukuu wake mchumba.

Mama Hatua aliyahamishia mabenchi uani; watu wakasalimiana madirishani. Akayarudisha, akatundika pazia. Wakasalimiana kwa sauti kubwa zaidi. Ndipo alipobuni nusu saa ya salamu: mgonjwa anazunguka mabenchi yote, anauliza watoto, kuku, mvua na mgongo wa shemeji, anamaliza, halafu saa inaanza. Anayechelewa kufika mabenchini anangoja nje ya geti, asije akadai salamu zake katikati ya kipimo. Wastani ukapanda hadi mita 271.

Makao makuu wakadhani tunapika takwimu. Wakamtuma mkaguzi, mtu wa haraka, mwenye tepu yake ya kupimia. Aliikataa nusu saa ya salamu, akasema atatembea mwenyewe ajionee. Bibi wa benchi la kwanza alitaka tu kujua kama ameoa. Hakuwa ameoa. Mabenchi mengine yakaingilia kati kumsaidia. Dakika sita zilipotimia alikuwa kwenye mita ya tisa, bado anajitetea. Alitia sahihi ya kuikubali nusu saa ya salamu siku hiyo hiyo, na agizo la kutufunga likafutwa.

Matokeo si muujiza, na Mama Hatua hapendi yatiwe chumvi. Kati ya wale kumi na tisa, saba walikatwa mguu. Kumi na wawili hawakukatwa. Tisa kati ya hao wamekuja ukumbini leo kwa miguu yao, wamekaa safu ya mbele iliyotengewa wakubwa, na wamekataa kuhama.

Mama Hatua, asante. Tunakutakia pumziko refu, viatu visivyobana na asubuhi zisizo na fomu.