Nilivyowapeleka Farasi Kumjulia Hali Mwenzao

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu. Mimi niliamini kwa moyo wangu wote kwamba farasi hafi kwa ugonjwa. Farasi hufa kwa upweke. Neno hilo nililisikia Tunduma, kwa watu waliotoka ng'ambo ya mpaka, nikalibeba hadi Mbozi.

Enzi hizo za Mwingereza nilitunza farasi katika shamba la kahawa karibu na Nanyala. Siku zile jamani! Ukungu wa asubuhi, maua ya kahawa yakinukia, na farasi watatu walionitambua kwa kikohozi changu tu. Nilimpenda zaidi Sifa, jike jekundu, mpole kuliko waumini wote wa Mbozi.

Basi mmoja wao, dume mdogo, akaanza kuinamisha kichwa. Mwili wake ulikuwa moto, ungepikia ugali mgongoni. Puani kamasi nzito za manjano, majani yanamdondoka mdomoni, na chini ya taya uvimbe. Nikafanya kama tunavyofanya kwetu mtu akiugua: hatumwachi peke yake. Nikawaleta wenzake wawili wakae naye, wale naye, wanywe naye ndoo moja. Nikawaimbia na tenzi.

Uvimbe wa dume ukapasuka wenyewe, akapona. Nikatamba shamba zima! Lakini haikupita muda, wale wawili wakavimba. Sifa akawa anakoroma kama mashine ya kusaga, hewa inapita kwa shida. Ndugu zangu, nilipiga magoti kwenye majani nikalia, “Bwana, usinichukulie huyu.”

Mke wangu Enesi akasimama mlangoni. “Baba Tumaini, Mungu ameshakusikia. Sasa nenda kamwite dresa wa mifugo.”

Dresa alikuwa Kibona, Mndali wa Itumba. Akaja na baiskeli, akampapasa Sifa taya, kisha akaitazama ndoo.

“Wewe Mnyiha, wote wanakunywa humu?”

“Wote. Wanamfariji mgonjwa.”

Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akavua koti. Siku mbili tulikanda ule uvimbe kwa vitambaa vya maji moto, asubuhi na jioni, mpaka ukalainika. Akachemsha kisu, akautumbua. Usaha ulijaa debe. Kibona alisema kikombe. Sifa akavuta pumzi ndefu, na pumzi ile naisikia mpaka leo. Mwenzake naye akatumbuliwa, akapona.

Baadaye nilihitimu shule ya ngumbaru, nikajua kusoma na kuandika. Namshukuru Mungu kwa hilo, lakini zaidi namshukuru kwa siku ile zizini. Mwenye shida leo, mtumaini Yeye, na akikutumia mtu, mfungulie mlango hata akija anakucheka.

Maana Kibona alipokuwa anafunga mkoba wake, mimi bado nilikuwa namweleza habari za upweke. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, “Ndugu yangu, ugonjwa huu unaambukiza. Umepita kwenye ndoo, na ndoo uliileta wewe. Mgonjwa mtenge, awe na ndoo yake, nawe unawe mikono.”