Miaka Miwili ya Mwalimu Aaron

Wasikilizaji wapendwa, ninyi mlio hapa Bunia na ninyi mnaotupata huko Mongbwalu, Jumapili njema. Saa hii ni ya kumtaja mtu mmoja aliyetutoka. Leo ni mzee Anaclet Lonema. Lakini kabla ya kumkumbuka, kuna jambo la kunyoosha.

Jumatano iliyopita, tarehe kumi Septemba, redio hii ilisoma tangazo la kifo chake. Tulisema amefariki akiwa na miaka sitini na mitatu. Tulisoma kilichoandikwa kwenye cheti cha kifo. Ndiyo kanuni yetu: umri wa marehemu unafuata karatasi. Alasiri ile ile mjane wake, mama Gertrude, alifika hapa studio na binti yake Bénédicte. Hakugomba. Alisema hivi: "Mume yangu alikufa na miaka yake yote. Na nyinyi mumemupunguzia tena."

Neno "tena" ndilo lililotufanya tumpe kiti tumsikilize.

Anaclet Lonema alizaliwa karibu na Fataki. Mwaka gani? Swali hilo tutalirudia, kwa maana miezi yake ya mwisho ilisimama juu yake.

Mwaka 1975 alimaliza shule ya msingi. Alikuwa amechelewa kuianza, kwa sababu ng'ombe wa baba yake walihitaji mtu. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Shule ya sekondari aliyoitaka haikumpokea aliyepita kumi na minne. Mkurugenzi wa shule ya msingi, Mwalimu Aaron, alichukua fomu, akamtazama kijana, akaandika 1962 mahali pa 1960. Akamwambia: "Nakupa miaka mbili. Usizipoteze."

Hakuzipoteza. Alizibeba katika diploma, katika kadi ya mpiga kura, na mwaka 1990 katika mkataba wa kazi, ambao aliujaza kwa mkono wake na kuutia saini.

Kazi hiyo ilikuwa katika kampuni ya malori ya mizigo. Familia imetuomba tusiitaje jina, kwa sababu Bénédicte bado anafanya kazi humo, mapokezi. Anaclet alikuwa mtu wa phonie. Kwa watoto waliokua na simu mkononi: phonie ni redio ya kutuma na kupokea sauti kutoka kituo hadi kituo. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, na kila siku saa kumi alasiri, alikaa mbele ya mashine, akaita vituo vyote kimoja kimoja. Lori gani limeondoka, namba gani, limebeba nini, limefika wapi. Kwa miaka thelathini na mitano.

Katika phonie, namba husemwa mara mbili, ili upepo usiile. Anaclet alisema kila namba, kisha "narudia", kisha namba ile ile. Mama Priscille, aliyekuwa akimjibu kutoka Mongbwalu, ametuambia kwa simu: "Hata akikuuliza watoto. Ananiambia, Priscille, uko na watoto wangapi? Mi namujibu, wane. Anangojea. Mi najua anangojea nini. Basi nasema: narudia, wane. Ndiyo anacheka."

Kituo cha Fataki kilinyamaza watu walipokimbia vita. Mashine ilibaki huko, au ilichukuliwa, hakuna ajuaye. Lakini kampuni haikuwahi kukiondoa kwenye orodha. Kwa hiyo Anaclet aliendelea kukiita. Kanuni inasema mara tatu. Aliita mara tatu, akangoja, akaandika kwenye daftari: hakuna jibu. Asubuhi na alasiri.

Ile miaka miwili aliigeuza mzaha. Madereva walimwita Petit. "Petit wa phonie, utazeeka lini?" Naye aliwajibu: "Nyinyi muzeeke tu. Mi niko na miaka mbili ya Mwalimu Aaron ndani ya mufuko." Aliamini kwamba amepewa zawadi. Kwa kanuni ya kampuni, mfanyakazi anapumzika akifika sitini na mitano. Mwenzake wa umri wake angepumzika Machi mwaka huu. Yeye angepumzika Machi 2027.

Mwezi wa tano, tangazo lilibandikwa kwenye ubao. Kampuni ilikuwa inajipanga upya. Malori yote yangetiwa kifaa kinachoonyesha mahali yalipo, na ofisi ya phonie ingefungwa mwisho wa mwezi wa nane. Tuseme ukweli: uamuzi huo haukuwa wa kijinga. Lori lenye kifaa halihitaji mtu wa kuliulizia. Anaclet mwenyewe alimwambia mke wake hivyo.

Lakini tangazo lilikuwa na milango miwili. Aliyetimiza sitini na mitano angetoka kwa retraite, yaani kustaafu. Asiyetimiza angetoka kwa compression, yaani kupunguzwa kazini. Tofauti yake, wasikilizaji, sikilizeni vizuri. Wa retraite hubaki na kadi ya matibabu, yeye na mke wake, hadi kufa. Wa compression huirudisha kadi siku ya mwisho ya kazi. Mama Gertrude ana ugonjwa wa sukari. Kwa miaka tisa sindano zake zimetoka kwenye kadi hiyo. Narudia: zimetoka kwenye kadi hiyo.

Kwa kweli ya Mungu, Anaclet alikuwa ametimiza sitini na mitano tangu Machi. Kwa karatasi, alikuwa na sitini na mitatu.

Alianza kutafuta ile kweli. Aliwahi kuiona kwa macho. Mwaka 1985, alipomwoa Gertrude, padri alifungua kitabu cha ubatizo cha Fataki na kuwasomea wote wawili: amezaliwa tarehe kumi na tatu Machi 1960. Kitabu hicho leo hakipo. Na ushahidi wa mke juu ya mume wake, aliambiwa mahakamani, hauna uzito.

Alibaki shangazi mmoja, mama Domitille, mwenye miaka sabini na saba, anayeishi kwa jamaa zake huko Shari. Anaclet alimwendea na sukari kilo mbili na daftari. Akamuuliza: "Shangazi, mi nilizaliwa mwaka gani?"

"Mwaka mi sijui. Mi sikusoma. Najua ile siku ya bendera mupya. Weye ulikuwa ku mugongo yangu. Meno hakuna, kucheka ndiyo ulikuwa unaanza. Watu wote banaimba, mi nalia."

"Ulilia ju ya nini?"

"Si ulinikojolea! Kikwembe yangu ya kwanza, mupya!"

Anaclet alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akamweleza habari ya karatasi, kwamba inasema alizaliwa 1962, ilhali bendera hiyo ya uhuru ilipandishwa Juni 1960.

"Hiyo karatasi inasema ile siku weye hukuwa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi nani alinikojolea?"

Maneno hayo yaliandikwa, kwa lugha ya adabu zaidi, na kupelekwa mahakamani ili kuomba hukumu ya kurekebisha mwaka wa kuzaliwa. Faili ilipokelewa. Tarehe ya kusikilizwa: kumi na sita Septemba. Orodha ya kampuni ingefungwa tarehe thelathini na moja Agosti. Siku kumi na sita za tofauti.

Anaclet alivaa shati jeupe, akaenda kwa mkuu wa wafanyakazi, bwana Hippolyte, kuomba jina lake lingoje siku hizo kumi na sita. Tumezungumza na bwana Hippolyte. Hakukana neno lolote. Alisema alimheshimu mzee kama baba, na tunamwamini. Mazungumzo yao alitusimulia hivi.

Alitoa mkataba wa 1990 kwenye kabati. "Papa Anaclet, hii saini ya nani?"

"Ya mimi."

"Na hii tarehe ya kuzaliwa, nani aliandika?"

"Mimi."

"Basi sikia. Kama hii tarehe ni ya kweli, uko na sitini na tatu, unatoka na compression na malipo yake. Kama ni ya bongo, ulidanganya kampuni, ni faute lourde, kosa ya kufukuzwa. Unatoka na mikono mitupu, hata barua ya aksanti hupati. Korti ikikupa haki, ndiyo itakumaliza. Chagua, papa. Mi siwezi kukuchagulia."

Anaclet alitazama saini yake. Kisha akasema: "Chef, mi nilizaliwa mara moja tu."

"Najua, papa. Lakini ulisaini."

Mama Gertrude anasema aliporudi nyumbani hakula. Siku tatu hakumweleza mtu. Siku ya nne alikwenda mahakamani, akaomba faili yake, akaiondoa. Karani alimuuliza sababu. Alijibu kwamba amekosea mwaka.

Wasikilizaji wapendwa, pimeni hilo. Mtu aliyesema kila namba mara mbili kwa miaka thelathini na mitano, ili isikosewe, alisaini kwamba amekosea namba aliyokuwa na hakika nayo.

Orodha ilitoka. Majina kumi na moja, lake la saba. Ijumaa tarehe ishirini na tisa Agosti aliita vituo kwa mara ya mwisho. Mongbwalu ilijibu. Fataki aliiita mara tatu, akaandika: hakuna jibu. Akazima mashine. Kwenye ofisi ya wafanyakazi alitoa kadi yake mfukoni. Wakamwomba na ya mke. Ilikuwa nyumbani. Alirudi kwa miguu kuichukua, akaileta kabla ofisi haijafungwa. Mama Gertrude anakumbuka alisimama mlangoni bila kuingia, akasema: "Nipatie kadi, mama." Akampa. "Hakuniangalia," anasema mama. "Miaka makumi ine ya ndoa, ile siku hakuniangalia."

Siku kumi na moja baadaye, Jumanne tarehe tisa Septemba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alikuwa ameketi uani. Mke wake alidhani amesinzia. Daktari aliandika shinikizo la damu. Hatuna sababu ya kuandika kitu kingine.

Kibali cha kuzika kiliandikwa 1962, kwa kufuata kadi ya mpiga kura. Cheti cha kifo kiliandikwa 1962, kwa kufuata kibali. Redio hii ikasoma cheti. Fundi wa msalaba peke yake hakuomba karatasi. Alimuuliza mjane, mjane akamjibu, akachonga 1960.

Keshokutwa Jumanne ndiyo tarehe kumi na sita. Mahakamani hakuna faili yake. Mama Gertrude hana kadi. Hilo halijabadilika, na kipindi hiki hakina uwezo wa kulibadilisha. Kampuni ilifuata kanuni zake. Mahakama ilitoa tarehe iliyokuwa nayo. Sisi tulisoma kilichoandikwa. Tumepita mkono kwa mkono, hatuoni aliyevunja sheria. Ila Mwalimu Aaron, naye alitaka tu mtoto asome.

Kwa mama Gertrude, kwa Bénédicte na ndugu zake, kwa mama Domitille aliyemzika mtoto aliyembeba mgongoni: poleni sana. Mungu awape nguvu ya siku hizi.

Nanyi mnaotusikiliza, wengi wenu vitabu vyenu vya ubatizo vilibaki kule mlikotoka. Kama bado yuko hai mtu anayekumbuka mlipozaliwa, nendeni kwake leo, mchana ungalipo. Mwulizeni, mwandike, yeye atie kidole. Tukubali kwamba huenda karatasi hiyo isisaidie kitu. Mwulizeni hata hivyo.

Sasa tunasahihisha tangazo la Jumatano. Karatasi hatuna. Tuna mashahidi wawili: mke wake, ambaye ushahidi wake hauna uzito, na shangazi wa miaka sabini na saba, ambaye hakusoma. Tunawaamini.

Mzee Anaclet Lonema, mtu wa phonie, amefariki Bunia akiwa na miaka sitini na mitano.

Narudia. Sitini na mitano.